Kihisi Kilichoshiba Jua

Usiku, mezani, kifaa changu cha kuhesabu vinavyopita mbele yake kwa mwanga kilifanya kazi bila kosa. Nilipitisha mkono mbele yake, kikahesabu moja. Nikapitisha kitabu, kikahesabu mbili. Nikapita mwenyewe kama mtu anayekwenda zake, kikahesabu tatu. Jumamosi saa tano asubuhi nikakifunga kwenye nguzo, kando ya kiwanja ambako mpwa wangu hufanya mazoezi ya baiskeli. Akazunguka mara kumi, akashuka, akaja mbio. "Mjomba, kimehesabu ngapi?"

Kioo kilikuwa kinaonyesha 0.

Tukakihamishia kwenye nguzo ya pili, iliyo chini ya mti. Kabla hajapanda baiskeli, namba ilikuwa imefika 40 na inazidi kupanda, na hakuna aliyekuwa amepita isipokuwa vivuli vya majani.

Makala haya yanahusu miezi iliyofuata. Nilipotafuta msaada nilipewa ushauri wa namna mbili, tena na tena: ongeza nguvu ya taa, au rekebisha kizingiti kwenye programu, yaani kiwango cha mwanga ambacho kikivukwa ndipo kifaa huhesabu. Niliufuata wote kwa uaminifu, na wote ulinipotezea muda, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye taa wala kwenye programu. Lilikuwa mahali ambapo sikuwa nimewahi kupima.

Kifaa chenyewe ni rahisi kueleza. Kuna LED inayotoa mwanga wa infraredi, na kando yake kuna fotodayodi inayosubiri mwanga huo urudi. Kitu kikipita mbele, sehemu ya mwanga hukigonga na kurudi. Kusipokuwa na kitu, mwanga unakwenda moja kwa moja na haurudi. LED za namna hii ndizo zilizomo ndani ya rimoti ya televisheni. Hutoa mwanga wa nanomita 850 au 940, wakati jicho la binadamu huanza kushindwa kuona mara linapopita nanomita 700.

Nililolisahau ni kwamba infraredi ilikuwa mali ya jua kabla haijawa mali ya mafundi. Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanaastronomia William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa prizma ili apime joto la kila rangi. Alipoweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni chochote, kikapanda kuliko vile vilivyokuwa ndani ya rangi. Leo tunajua kwamba karibu nusu ya nishati ya jua inayofika ardhini huja kwa mwanga huo usioonekana. Mimi nilikuwa nanong'ona kwa lugha ambayo jua linaipigia kelele mchana kutwa.

Hesabu niliyopaswa kuanza nayo

Kwa wiki kadhaa nilibadilisha vipuri bila kushika kalamu. Siku niliyokaa na karatasi, mambo yalifunguka ndani ya saa moja, kwa hiyo nitaipitia hesabu ile polepole.

Jua la utosi, siku isiyo na mawingu, huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Fotodayodi yangu ina uso wa milimita za mraba 7.5, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Fotodayodi ya silikoni ni ndugu wa paneli ya sola: mwanga ukiingia, mkondo wa umeme unatoka. Ukiielekeza kwenye jua la namna hiyo, kipande hicho kidogo kitatoa karibu miliampea 3.

Sasa mwanga wangu. LED nzuri yenye lenzi, inayokusanya mwanga ndani ya nyuzi 10 kila upande, ikipewa ampea 1 kwa muda mfupi sana hutoa takriban wati 1 kwa kila steradiani, kipimo cha upana wa koni ya mwanga. Tuseme kuna kitu kiko sentimita 50 mbele, kinaakisi nusu ya mwanga unaokigonga. Mwanga unasambaa ukienda, kisha unasambaa zaidi ukirudi, kwa sababu nguo au ngozi haiurudishi kama kioo, huutupa kila upande. Kinachofika kwenye fotodayodi ni chini kidogo ya nusu mikrowati, yaani mkondo wa takriban mikroampea 0.27.

Miliampea 3, yaani mikroampea 3,000, dhidi ya mikroampea 0.27. Jua ni mara elfu kumi ya ishara yangu.

Nilipoiona namba ile niliweka kalamu chini. Ilionekana kesi imekwisha. Lakini swali lenyewe nilikuwa nimeliuliza vibaya. Kuonekana kwa ishara hakutegemei ukubwa wa jua, kunategemea jua linatikisika kiasi gani. Bahari yenye kina kirefu lakini iliyotulia haikuzuii kuona kijiwe kikiangukia juu yake.

Jua hutikisika kiasi gani? Mwanga huja kwa fotoni, yaani punje za mwanga, moja moja, kama matone ya mvua juu ya bati. Hata mvua ikinyesha kwa nguvu ile ile, matone hayashuki kwa mpangilio, na hapo ndipo inapozaliwa kelele ambayo hakuna saketi inayoweza kuikwepa. Kwa mkondo wa miliampea 3, nikisikiliza kwa upana wa masafa wa kilohezi 10, yaani mabadiliko ya hadi mara 10,000 kwa sekunde, kelele hiyo ni nanoampea 3 tu. Ishara yangu, ile mikroampea 0.27, ni nanoampea 270, yaani mara 90 ya kelele.

Rudia kuisoma sentensi hiyo, maana ndiyo iliyobadilisha kila kitu kwangu. Hata fotodayodi ikilitazama jua uso kwa uso, mwangwi wa LED, yaani mwanga wake uliorudi, bado umo ndani ya mkondo ule, mzima, na unazidi mtikisiko wa jua mara tisini. Jua halikuwa limeificha ishara yangu. Lilikuwa limejaza amplifaya, saketi inayokuza mkondo wa fotodayodi.

Nilikuwa nimeunganisha fotodayodi na amplifaya yenye rezista ya megaomu 1, kama nilivyoona kwenye michoro mingi. Kwa rezista hiyo kila mikroampea 1 inakuwa volti 1. Betri yangu ilikuwa ya volti 5. Kwa hiyo mikroampea 5 zinatosha kuishibisha, na jua lilikuwa likileta mikroampea 3,000. Tundu la kutolea la amplifaya lilibaki limekwama kwenye volti 5 tangu asubuhi, na mpwa wangu angeweza kupita na kundi zima la waendesha baiskeli bila sindano ya kipimo kusogea. Programu ilikuwa ikisoma 1023, 1023, 1023, namba ya juu kabisa inayoweza kuandikwa na mikrokontrola ile, kompyuta ndogo ya kifaa. Kwenye safu ya 1023 hakuna habari yoyote ya kuchambua, hata uandike programu ya namna gani.

Na ile 40 ya chini ya mti? Pale kivulini mwanga ulikuwa mdogo kiasi cha kutoshibisha amplifaya wakati wote. Madoa ya jua yaliyopenya kwenye majani yalipita juu ya fotodayodi, kila moja likavuka kizingiti, na kila moja likahesabiwa kuwa baiskeli.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuongeza taa hakukusaidia. Watu husema dawa ya moto ni moto, nami nilitia LED nne badala ya moja. Lakini kikombe kikiwa kimejaa, huongezi chochote kwa kumimina haraka zaidi.

Kulipunguza jua kabla halijawa umeme

Mwanga ukishageuka mkondo, jua na LED vimechanganyika. Kwa hiyo pa kuanzia ni mbele ya fotodayodi, pasipo na waya.

Mrija ndio kipuri cha bei ndogo kuliko vyote na ndio ulionipa faida kubwa kuliko vyote. Jua, kwa ukali wake wote, linachukua nusu nyuzi tu ya anga. Mrija unaoruhusu nyuzi 10 kila upande wa mstari wa katikati utalifungia nje isipokuwa likiwa mbele yake hasa. Kinachobaki ni mwanga ulioakisiwa na ardhi au ukuta ulio mbele. Kwa ardhi ya kawaida, mkondo wangu ulishuka kutoka miliampea 3 hadi karibu mikroampea 25. Zaidi ya mara mia, kwa mrija mtupu.

Hapa niliteleza kwa jambo ambalo nataka kulieleza vizuri. Mrija wangu wa kwanza ulikuwa wa plastiki nyeusi. Nyeusi kwa jicho. Plastiki nyingi nyeusi zinapitisha infraredi kama kioo cha dirisha, na yangu ilikuwa mojawapo. Mwanga wa LED ulipenya ukuta wa mrija ukaingia kwenye fotodayodi kwa ubavu, bila hata kutoka nje. Njia ya kugundua ni kuwasha LED, kuiziba kwa plastiki hiyo na kuitazama kwa kamera ya simu. Kamera nyingi za simu, hasa ile ya mbele, huona infraredi kidogo. Nilibadilisha nikaweka mrija wa alumini, mmoja kwa LED na mmoja kwa fotodayodi, nikaukwaruza kwa ndani ili using'ae, nikaupaka rangi nyeusi ya masizi. Masizi ni meusi hata kwa infraredi. Rangi za kutengenezwa kwa madawa si lazima ziwe hivyo.

Baada ya mrija, chujio. Kwanza ni kuchagua wimbi. LED za nanomita 850 hung'aa vizuri na silikoni huzipenda, lakini kwa kazi ya juani mimi huchagua 940. Mvuke wa maji ulio hewani hunyonya mwanga wa jua karibu na nanomita 940, kiasi kwamba jua linalofika ardhini kwenye wimbi hilo ni takriban nusu ya lile la 850. Anga yenyewe imetuwekea pengo. Siku kavu pengo hilo hupungua kina, siku yenye unyevunyevu huongezeka.

Fotodayodi nyingi huuzwa zikiwa ndani ya plastiki nyeusi inayozuia mwanga unaoonekana. Inasaidia, lakini inaacha wazi kila kitu kuanzia mwisho wa wekundu hadi nanomita 1,100, ambapo silikoni yenyewe hufikia kikomo. Jua lina mengi katika eneo hilo. Chujio la tabaka nyembamba za kioo, linaloruhusu nanomita 50 tu kuzunguka 940, lilinishushia mikroampea 25 hadi karibu 1. Nilijaribiwa kununua lenye upana wa nanomita 10. Nashukuru sikununua, kwa sababu LED ikipata joto wimbi lake hurefuka kwa takriban robo nanomita kwa kila nyuzi moja ya selsiasi, na kisanduku kilichofungwa juani kinaweza kupanda nyuzi 40 juu ya joto la asubuhi. Hizo ni nanomita 10. Chujio nalo, mwanga ukiliingia kwa upande, husogeza dirisha lake kwenye mawimbi mafupi. LED inakimbilia huku, chujio linakimbilia kule, na ukiwa na dirisha jembamba mchana unabaki kipofu.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa uzuri wake. LED yenyewe inaweza kupokea mwanga, na hupokea mawimbi ya ukanda mwembamba tu, mafupi kidogo kuliko yale inayotoa. Mmarekani Forrest Mims alilitumia jambo hilo kutengeneza vipimo vya ukungu wa angani kwa LED za kawaida, bila chujio lolote. Kwa kazi yangu uso wa LED ni mdogo mno, lakini kwa mtu asiyeweza kupata chujio ni njia ya kweli.

Mwisho wa upande huu ni lenzi. Lenzi ya kipenyo cha milimita 20 mbele ya fotodayodi ina eneo karibu mara 40 ya fotodayodi, na hukusanya mwangwi kwa kiasi hicho, huku ikibana mtazamo hadi nyuzi 3 hivi kila upande. Mtazamo mwembamba maana yake ardhi ndogo inayoonekana, na kadiri ardhi inavyopungua ndivyo jua linavyopungua. Ni nadra kifaa kimoja kukusaidia pande zote mbili namna hiyo.

Nilianza na jua lililo mara elfu kumi ya ishara. Kwa mrija na chujio, kwa kitu kile kile cha sentimita 50, likawa takriban mara nne. Sikuwa nimegusa hata rezista moja.

Kusikiliza kwa mpigo

Kilichobaki ni kutenganisha mwanga unaobadilika haraka na ule unaobadilika polepole. Jua ni la polepole. Wingu huchukua sekunde kupita. Vivuli vya majani hucheza mara chache kwa sekunde. Hata kivuli cha mpwa wangu akiwa na kasi huchukua sehemu kadhaa za elfu za sekunde kuifunika fotodayodi. Ukiwasha LED kwa sehemu 20 za milioni za sekunde, yaani mikrosekunde 20, ndani ya muda huo jua limesimama kabisa.

Kwanza nilijaribu vipokezi vya rimoti, vile vyenye miguu mitatu, ambavyo vina amplifaya na chujio la masafa ndani yake. Husikiliza mwanga unaopigapiga mara 38,000 kwa sekunde na kupuuza mwingine. Ni vipuri vizuri mno kwa kazi yake, lakini vimetengenezwa kwa ujumbe mfupi wenye mapumziko. Ukivimulikia mfululizo, vinadhani hiyo ni kelele ya taa ya chumbani na vinapunguza usikivu wenyewe. Ukivitumia, tuma mapigo 20 hivi, ambayo ni nusu ya elfu ya sekunde, kisha nyamaza kwa muda mrefu zaidi. Na kama unaweza kuchagua, tafuta aina iliyotengenezwa kwa kugundua vitu, ambayo usikivu wake haubadiliki. Nilivitumia kwa mwezi mzima. Vilihesabu, lakini hujibu ndiyo au hapana tu. Nilitaka kuona kiasi, ili nijue ishara iko mbali kiasi gani na kizingiti.

Kwa hiyo nikarudi kwenye fotodayodi tupu, safari hii nikiwa na kitanzi cha saketi kinachotazama wastani wa tundu la kutolea na kunyonya mkondo wowote wa polepole kabla haujaingia kwenye rezista kubwa. Jua likipanda, kitanzi kinanyonya zaidi. Mapigo mafupi ya LED yanapita bila kuguswa. Kikombe kina tundu chini, na maji ya polepole hayajai tena. Kama kitanzi ni kigumu kwako, koili (waya uliozungushwa) mahali pa rezista hufanya kazi ya namna hiyo: mkondo usiobadilika hupita kama kwenye waya, na mapigo ya haraka hukutana na ukuta.

Kisha vipimo. Kila elfu moja ya sekunde napima mara tatu: LED ikiwa imezimwa, ikiwa imewashwa, na ikiwa imezimwa tena. Wastani wa vile viwili vya giza ndio makadirio ya jua kwa wakati ule ule wa kipimo cha kati, hata kama jua liko njiani kupanda au kushuka. Natoa, na kinachobaki ni mwangwi. Mwaka 1946 mwanafizikia Mmarekani Robert Dicke alitumia wazo la ukoo huo kupima mawimbi hafifu ya redio: kipokezi chake kilibadilishana haraka kati ya antena na chanzo cha joto linalojulikana, akatazama tofauti tu. Kifaa kikiyumba, kinayumba kwa vyote viwili, na kutoa kunaufuta myumbo.

Haba na haba hujaza kibaba, na hapa methali hiyo ina hesabu yake. Nikijumlisha vipimo 16, ishara inakuwa mara 16, lakini kelele, kwa kuwa haina mpangilio, inakuwa mara 4 tu. Napata uwazi mara nne kwa gharama ya milisekunde 16. Je, nina muda huo? Baiskeli ya kilomita 18 kwa saa inakwenda mita 5 kwa sekunde. Ikiwa na urefu wa mita moja na nusu, inachukua milisekunde 300 kupita. Muda upo tele.

LED hupewa ampea 1 nzima, lakini kwa mikrosekunde 20 katika kila milisekunde, kwa hiyo wastani ni miliampea 20 na haipati joto. Kapasita ya mikrofaradi 100, iliyochomewa karibu kabisa na LED, inaubeba mpigo huo na kupoteza volti 0.2 tu. Usiitegemee betri kwa mpigo kama huo kupitia waya mrefu. Na usikae ukiitazama LED hiyo kwa karibu: jicho halioni infraredi, kwa hiyo halipepesi kujikinga.

Jioni moja nilifurahi sana. Ishara safi, kubwa, imetulia. Kabla sijalala nikaifunika LED kwa karatasi ya alumini, kwa uangalifu tu. Ishara haikupungua hata kidogo. Ampea 1 inayowaka na kuzima ilikuwa ikiruka kutoka waya hadi waya na kuingia kwenye amplifaya kwa wakati ule ule wa kipimo, ikijifanya mwangwi. Nilizitenganisha njia za umeme, nikakizungushia amplifaya kikopo cha bati kilichounganishwa na ardhi ya saketi (waya wa volti sifuri), nikarudia hadi karatasi ya alumini ikaleta sifuri. Jaribio hilo sasa nalifanya kila mara, kabla ya lolote.

Kinachopita nacho kina tabia zake

Nguvu ya mwangwi hushuka haraka kwa umbali. Kitu kikubwa kinachojaza mwale wote, ukiongeza umbali mara mbili, mwangwi unabaki robo. Kitu kidogo kuliko mwale hubakiza moja ya kumi na sita. Ndiyo maana kifaa kinachoona ukuta mita tatu mbele kinaweza kushindwa kuona mkono mita moja mbele.

Rangi tunayoiona haituambii mengi. Nguo nyingi nyeusi zinang'aa kwa infraredi kwa sababu rangi zake hunyonya mwanga unaoonekana tu. Majani mabichi huakisi infraredi kwa nguvu, kwa hiyo tawi likipeperuka mbele ya kihisi ni kama mtu anayepunga kioo. Tairi lenye masizi ndani yake ni jeusi kwelikweli. Nilipokilenga kifaa kwenye kimo cha magurudumu, spoki zilinipa vitu kadhaa kwa mzunguko mmoja. Nilikipandisha hadi kimo cha kiuno cha mpwa wangu, nikaongeza kanuni kwamba baada ya kuhesabu kinyamaze nusu sekunde. Hiyo ilitosha.

Kama una nguzo mbili zinazotazamana, fikiria kuweka kiakisi upande wa pili na kuhesabu mwanga unapokatika. Viakisi vyenye nyuso tatu zinazokutana kama kona ya chumba hurudisha mwanga kule kule ulikotoka, hata vikiwekwa upande kidogo. Wanaanga wa Apollo 11 waliacha vya namna hiyo mwezini mwaka 1969, na hadi leo leza hupigwa kutoka duniani zikarudi fotoni chache mno, zinazotambuliwa kwa chujio jembamba na kwa saa inayojua zifike lini. Ni mbinu zetu zile zile. Tatizo la kiakisi ni kitu king'aavu kinachopita na kurudisha mwanga wa kutosha kujifanya kiakisi. Vihisi vya viwandani hulitatua kwa vichujio vya ugeuko wa mwanga, vinavyopitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja tu, na hapo utaona vimeiacha infraredi na kutumia nyekundu inayoonekana, kwa sababu filamu za kawaida za vichujio hivyo hazifanyi kazi vizuri kwenye infraredi.

Wengi wameniuliza kuhusu vihisi vya joto la mwili, vile vya taa za ukutani. Hivyo haviangalii mwangwi, vinaangalia joto tunalotoa wenyewe, kwenye mawimbi marefu mara kumi hivi. Mchana wa joto, hewa na ardhi zikikaribia joto la ngozi, mtu hupotea mbele yake. Vile vinavyopima muda wa safari ya mwanga, sentimita 30 kwa kila nanosekunde, ni vya ajabu na navipenda, lakini navyo huhesabu fotoni za jua pamoja na zake, na umbali vinaoweza kupima hupungua sana nje.

Jumamosi nyingine tulirudi kwenye nguzo ya kwanza, ile ya jua kali, saa sita kasoro. Nilikuwa na oskiloskopu ndogo mkononi, kifaa kinachochora mabadiliko ya umeme kwenye kioo. Mpwa wangu alipopita nikauona mpigo ukisimama juu ya mchana, mrefu, umenyooka, kisha ukalala. Mizunguko thelathini, kioo kikaandika 30. Chini ya mti, dakika ishirini bila mtu, kikaandika 0.

Kimebaki kipindi kimoja. Jioni jua hushuka hadi kwenye mstari wa mrija. Anga huzunguka nyuzi moja kila dakika nne, na mtazamo wangu una nyuzi 6, kwa hiyo jua linaweza kukaa mbele ya lenzi dakika 24. Lenzi hulikusanya kama inavyokusanya mwangwi, na kitanzi hufika mwisho wa nguvu zake. Nimekiinamisha kifaa kidogo kuelekea ardhini na muda huo umepungua, haujaisha. Kwa hiyo nimekifundisha kupima pia ule mkondo unaonyonywa na kitanzi. Ukikaribia kikomo, kioo hakiandiki namba tena, kinaandika "sioni". Mpwa wangu akiliona neno hilo anapopita, huhesabu mizunguko yake kwa vidole kwenye usukani mpaka namba irudi.